Gusa Kabla Hujaondoka

Wani alibanwa na mkojo jua likiwa linazama, saa ambayo hakuna mama wa Brunei anayependa mtoto wake awe nje ya nyumba.

"Mama, siwezi kungoja."

"Jikaze kidogo. Baba anakuja."

"Nimejikaza tangu kwenye feri."

Salbiah alichungulia kupitia kioo cha gari. Mumewe, Metussin, alikuwa amempeleka mama yake, Bi Kamsiah, makaburini kule juu ya kilima, wakamsomee Yasini marehemu mama wa Bi Kamsiah. Waliahidi kurudi upesi, na upesi wao ulikuwa umeshapita zamani. Mvua ilikuwa imeanza, ile nyembamba isiyo na kelele. Kando ya barabara hapakuwa na duka wala msikiti. Palikuwa na nyumba moja tu ya mbao, imesimama juu ya nguzo ukingoni mwa bahari, mlango wa nyuma uko wazi na ndani mnawaka taa.

"Si uchuchumae pale kwenye majani?"

"Bibi kasema huku tusikojoe ovyo. Kuna wenyewe."

Mtoto wa miaka tisa, na anajibu hivyo. Salbiah akafungua mwavuli, akamshika mkono, wakaenda kubisha hodi.

Safari yenyewe ilikuwa ya likizo ya shule, au ndivyo Salbiah alivyoambiwa. Walitoka nyumbani Tutong kabla hakujapambazuka, wakavuka daraja refu la juu ya ghuba hadi Temburong, wakapanga foleni mpakani, wakagongewa mihuri, wakaingia Malaysia. Wakapita Lawas katikati ya michikichi isiyokwisha. Mbele kidogo, palipo mpaka wa Sarawak na Sabah, wakagongewa mihuri tena ingawa nchi ilikuwa ile ile. "Hawa wamekaa nyumba moja lakini kila mmoja na sufuria lake," alisema Metussin, mtu asiyeweza kupita kilomita kumi bila kumsema mtu. Huko Menumbok waliingiza gari ndani ya feri, na alasiri wakawa kisiwani Labuan. Wani alitaka pwani. Salbiah alitaka chokoleti na manukato, maana kisiwani havina ushuru. Bi Kamsiah alitaka kaburi la mama yake tu. Alizaliwa hapo, akaolewa ng'ambo, na tangu siku ya ndoa hakuwahi kurudi, hata kwa maziko.

Njiani kote Bi Kamsiah hakuwa na utulivu. Alifungua mkoba, akafunga. Alishusha kioo, akapandisha. Feri ilipotia nanga aliuliza jambo la ajabu.

"Metussin, ni lazima tushuke wote?"

"Sasa Mama, tumuuze nani kwa nahodha?"

Wote walicheka. Yeye hakucheka.

Kuna jambo la mpakani ambalo itabidi nilitaje sasa, maana ndilo lililoharibu kila kitu baadaye. Walipokuwa wakigongewa mihuri ya kuingia Malaysia asubuhi ile, Salbiah alikuwa akifungua wali wa kunata uliofungwa kwenye majani. Afisa alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na uso wa huruma. Salbiah akamkaribisha, kama mtu yeyote wa kwao angefanya. Yule bwana alikuwa kazini, hawezi kula. Basi alinyoosha kidole kimoja dirishani, akaugusa wali, akakipeleka kidole mdomoni.

"Nimeshagusa, dada. Safari njema."

Kwao hilo lina jina: kapunan. Ukikaribishwa chakula ukaondoka bila hata kukigusa, balaa inakufuata njiani. Nyoka, mamba, ajali. Si lazima ule. Gusa tu. Wako wanaolicheka jambo hili, lakini Salbiah hakuwa mmoja wao. Kaka yake, Jamain, alitoka nyumbani mbiombio siku moja, mama yao akamwita kahawa tayari, akajibu atakunywa akirudi. Lori la magogo lilimkuta barabarani kahawa ikiwa bado inatoa moshi mezani. Tangu siku hiyo Salbiah alisahau mkanda wa gari mara nyingi, lakini hili hakulisahau hata mara moja. Wani alifundishwa kugusa kabla hajajua kutembea.

Turudi mlangoni.

"Assalamu alaikum," alisema Salbiah.

Ndani kulikuwa kunatwangwa. Du… du… du… Kisha kukanyamaza.

"Ingieni."

Salamu haikurudishwa. Salbiah alilisikia hilo, akajiambia labda ni uzee, labda masikio. Bibi kizee alikuwa ameketi sakafuni karibu na jiko, mdogo wa umbo, kanga yake ya kichwani imefungwa kwa mtindo wa zamani. Alionyesha choo kwa kidevu. Wani akakimbia.

Salbiah alibaki amesimama na mwavuli wake. Jikoni kulinukia tui la nazi. Chini ya tui kulikuwa na harufu nyingine, ya udongo uliofukuliwa sasa hivi. Harufu ya namna hiyo wakati wa magharibi haisemwi, kila mtoto wa kwao anajua, hivyo alifunga mdomo. Juu ya jiko ubao mmoja wa paa ulikuwa umeondolewa na mvua ilikuwa inaingia. Aliiona ikishuka. Aliangalia sakafu.

Sakafu ilikuwa kavu.

Na kinu hakukiona.

"Huyu mjukuu wa nani?" aliuliza bibi kizee, Wani alipotoka chooni akijifuta mikono kwenye sketi.

Swali la adabu hujibiwa kwa adabu. "Wa Bi Kamsiah. Alikuwa akikaa huku zamani, huenda unamjua."

"Wa Kamsiah…" Bibi kizee alilirudia jina taratibu. "Msichana."

"Ndiyo, bibi. Asante sana kwa kutusitiri. Tunakimbia, wenzetu wanatungoja."

"Kimbieni. Ila mtoto aguse."

Sahani ilikuwa tayari mkononi mwake. Wali wa kunata, mweupe, unatoa moshi. Nje, Metussin alipiga honi. Wani alisita akamtazama mama yake, na macho yake yalikuwa yanasema sitaki. Salbiah alikuwa na haraka. Hakuwa na nafasi ya deko. Alikikamata kidole cha mwanawe yeye mwenyewe, akakichovya kwenye wali, akakipitisha kwenye midomo ya mtoto.

"Haya. Mimi pia niguse."

Bibi kizee aliivuta sahani nyuma.

"Wewe bado."

*

Bi Kamsiah alikuwa amesimama kando ya gari, mvua inamlowesha na hana habari. Aliwatazama wakija tangu walipotoka kwenye kona ya ile nyumba. Hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

"Mnatoka wapi?"

"Wani alikwenda chooni. Kwa yule bibi, mlango wa nyuma."

"Mlango wa nyuma."

"Jikoni."

"Metussin," alisema Bi Kamsiah, "washa taa za gari. Geuza huku."

Metussin aligeuza. Mlango wa mbele ulikuwa umepigiliwa mbao, na misumari imeota kutu hadi ikachora michirizi ukutani. Nyumba ilikuwa na giza. Gari lilisogea kidogo na mwanga ukafika nyuma. Palikuwa na nguzo zilizovunjika, maji meusi yakizizunguka. Jiko hapakuwa nalo. Bahari ilikuwa imelila miaka mingi iliyopita.

Metussin, kwa mara ya kwanza tangu Salbiah aolewe naye, hakupata la kusema.

Bi Kamsiah aliingia kiti cha nyuma, akakichukua kidole cha Wani, akakinusa. Kisha akakilaza kwenye paja la mtoto polepole.

"Aligusa?"

"Niligusa, Bibi," alisema Wani. "Mama alinishika."

Salbiah alimkumbatia mtoto. Aliomba aelezwe, na Bi Kamsiah alieleza huku gari likienda, anatazama dirishani, anatoa neno moja moja.

"Mama yangu alikuwa na mwenzake, asiye mtu. Alipewa na bibi yake. Mwenzake huyo analinda nyumba, anatunza mali, lakini aliye naye hafi mpaka apatikane msichana wa kumpokea. Anapokewa kwa chakula, mkono kwa mkono. Mimi nililetewa sahani hiyo nikiwa mwali. Nikakimbia. Nikavuka bahari, nikaolewa na mtu wa mbali. Mama alilala kitandani mwaka mzima, mtu mzima hawezi kufa. Ndugu zangu wakaondoa ubao wa paa ili apate njia."

"Akaenda?"

"Yeye alienda. Mwenzake hakwenda."

"Ulijua haya yote," alisema Salbiah, kwa hasira, "ukatuleta hapa na mtoto wa kike."

"Mama ananijia ndotoni kila Ijumaa. Nilidhani nikimsomea ataniacha. Ningewaambia mngenicheka." Alimtazama mwanawe kwenye kioo cha mbele. "Huyu angenicheka."

Metussin aliongeza mwendo.

*

Hotelini Wani hakula. Walimletea kuku, walimletea tambi, hata ile chokoleti aliyoisumbukia njia nzima. "Nimeshiba," alisema kila mara, kwa upole, kama mgeni mwenye heshima. Salbiah alimuosha kidole kwa sabuni, kwa limau, kwa maji aliyoyasomea. Harufu ya tui haikutoka. Alfajiri alimkuta mtoto amelala chali, amefumba macho, anatafuna. Mdomoni hamkuwa na kitu.

Pwani hawakwenda. Walikwenda kupanga foleni ya feri, na kila mtu kisiwani alikuwa na wazo hilo hilo siku hiyo, likizo inaisha. Waliketi garini juani saa baada ya saa. Bi Kamsiah alihesabu tasbihi. Metussin aliteremka, akapanda, akateremka. Wani alikuwa ametulia, mikono mapajani, na alikuwa anaimba kwa chini wimbo ambao Salbiah hakumfundisha. Bi Kamsiah aliusikia mstari mmoja, akaacha tasbihi.

"Nani kakufundisha?"

"Huyu hapa," alisema Wani, akakitikisa kidole chake.

Walivuka. Menumbok, mihuri, michikichi, Lawas. Jua lilikuwa linashuka tena walipofika kwenye mstari wa magari mpakani, na Salbiah, aliyekaa nyuma na mwanawe, alihisi joto kwenye paja lake. Aliangalia chini. Wani alikuwa ameshika kifurushi cha jani, kile cha wali wa kunata, cha moto, kinatoa moshi.

Hakuna aliyenunua kitu njia nzima.

"Umekitoa wapi?"

"Nilikuwa nacho."

Gari lilifika dirishani. Afisa alikuwa yule yule mwenye kitambi. Aliwatambua, akatabasamu, akachukua pasipoti. Wani alikuwa ameshafungua jani. Alipitisha mkono dirishani.

"Mjomba, gusa."

Yule bwana alinyoosha kidole bila kufikiri. Kikafika karibu kabisa na wali… kikasimama. Alimtazama mtoto. Akamtazama tena. Tabasamu likamtoka taratibu usoni, akaurudisha mkono wake, akauficha chini ya meza. Mtu wa huku, mzaliwa wa huku, akakataa kugusa. Aligonga mihuri haraka haraka, muhuri mmoja ukaangukia pembeni.

"Funga kioo, dada," alisema, hamtazami. "Endeni."

Kati ya kituo cha Malaysia na kile cha Brunei kuna kipande cha barabara ambacho ni cha nchi hii na ile na si cha yeyote. Metussin aliendesha polepole. Miti ilikuwa imesogea karibu. Wani aligeuka, akamsogezea mama yake jani.

"Mama. Gusa."

"Salbiah," alisema Bi Kamsiah kutoka kiti cha mbele. "Usiguse."

"Nikikataa?"

Bi Kamsiah aliishika tasbihi kwa nguvu. Salbiah hakuhitaji jibu. Aliiona meza ya mama yao, kahawa inatoa moshi, kiti cha Jamain kimesukumwa nyuma.

"Nikila mimi, mtoto atabaki na kile kitu?"

"Kwa kawaida kinakaa kwa mtu mmoja. Lakini wewe si wa damu yetu, mwanangu. Sijawahi kusikia kikimwomba mtu asiye wa damu. Subiri. Tufike nyumbani, tumtafute mtu anayejua."

"Mama Wani," alisema Metussin, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia. "Msikilize Mama."

Salbiah alimtazama mwanawe. Midomo ilikuwa imekauka na kupasuka, macho yameingia ndani kwa siku moja tu. Ni yeye aliyekikamata kile kidole. Mtoto alikuwa amesema kwa macho kwamba hataki, na yeye akamshika kwa nguvu. Hakukuwa na mtu mwingine wa kulaumiwa ndani ya gari lile, wala hakumtafuta.

Hakugusa. Alikula. Alikula wote, punje kwa punje, mpaka akalilamba jani, ili asibakize kitu cha kumrudia mtoto. Ulikuwa mtamu. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, jinsi ulivyokuwa mtamu.

Wani alipiga miayo, akalala hapo hapo. Alizinduka wakiwa wanaliacha daraja, taa za mji zinaonekana.

"Mama, nina njaa. Tununue kuku wa kukaanga."

Metussin alisimamisha gari kando ya barabara, akaweka kichwa juu ya usukani, akalia wazi wazi. Kisha akanunua kuku watatu wazima.

*

Siku zimepita sasa. Wani amenenepa, anacheka, harufu imemtoka. Metussin ameanza tena kusema watu, ingawa safari za likizo hazitaji.

Jirani mmoja alimsimamisha Salbiah kwenye ua. "Dada, mnatwanga nini kila magharibi? Mna shughuli?" Salbiah alimjibu kwamba ni ndoa ya ndugu. Nyumbani kwake hakuna kinu.

Bi Kamsiah amehamia kwao, anampikia mjukuu kwa mikono yake, na jiko amelifunga kwa kufuli, Salbiah asiingie. Siku moja walikuwa wanakunja nguo, wawili tu, akasema jambo ambalo huenda lilimkaa kooni tangu mpakani.

"Nawaza, Salbiah. Mtoto alipewa ncha ya kidole tu. Ncha ya kidole ni kidogo. Labda isingetosha kukivusha mpaka. Labda kingebaki pale barabarani, kikafa njaa." Alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Labda ndiyo maana kilitafuta mtu wa kukibeba. Mtu wa kuishi nyumba moja na msichana."

Salbiah aliendelea kukunja. Alikuwa anasikia sauti ya yule bibi kizee. Wewe bado.

Kila alasiri Wani huenda shule ya dini, ng'ambo ya barabara kuu ambako malori ya magogo yanapita. Huvaa hijabu yake nyeupe, huchukua mkoba, husimama mlangoni kama alivyofundishwa tangu utotoni. Na kila alasiri Salbiah hujikuta amesimama mbele yake na sahani mkononi, hajui aliitoa wapi, na mdomo wake unafunguka, na sauti inayotoka ni ya kizee.

"Mtoto aguse."

Hapo hukamata kifundo cha mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu, mpaka kucha zinaingia nyamani. Hukaza meno mpaka sauti yake mwenyewe irudi.

"Usiguse, mwanangu. Nenda hivyo hivyo."

Wani hutazama sahani. Kidole chake huinuka kidogo, maana ndivyo alivyolelewa, kisha hukificha mgongoni na kushuka ngazi. Anakwenda barabarani bila kugusa, mwanawe Salbiah, mpwa wa Jamain. Salbiah hubaki dirishani amesimama, anasikiliza kila lori, mpaka hijabu nyeupe ionekane tena kwenye kona.

Na wali ule mkononi mwake, muda wote huo, haupoi.